Jirani wa Juu na Maradhi Yasiyo ya Kila Mtu

Sauti yake mtu aliisikia kabla hajamwona. Ukiingia kichochoro chetu kutoka upande wa Darajani, ukapinda pale penye duka la vitambaa, ilikuwa inakushukia kutoka ghorofa ya tatu: inamwita muuza samaki, inamkosoa muuza ukwaju, inamuuliza mtoto wa skuli kwa nini soksi yake moja iko gotini na nyengine imelala kwenye kiatu. Mimi nikikaa nyumba hiyohiyo, chini kabisa, na kwa hivyo aliniita Chini. Hakuniita jina langu hata siku ya harusi yangu.

"We Chini!"

"Abee, Bi Mkubwa."

"Uko?"

"Niko."

"Haya."

Siku nyingi mazungumzo yetu ya asubuhi yalikuwa hayo tu. Nadhani alitaka kuhakikisha kuwa nyumba bado ina msingi.

Usoni nilimwita Bi Mkubwa. Nikiwa na mume wangu tulimwita Jirani wa Juu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Nasaba yake siiandiki, kwa sababu mwenyewe aliisimulia kupita kiasi na haikukaa mahali pamoja. Wiki moja asili yake Maskati, wiki ya pili Hadhramaut, na Ramadhani moja, baada ya kuiangalia tamthilia ya televisheni mpaka mwisho, tukasikia kuwa bibi mzaa bibi yake alitoka Istanbul na alikuwa na macho ya kijani. Ukimkumbusha habari za Maskati alikutazama kwa huruma, kama mtu aliyechelewa kupata taarifa.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni kufanana na watu. "Mie si wa jumla," alikuwa akisema, "mie wa rejareja." Kikombe, kanga, namna ya kukata vitunguu, hata kikohozi, alitaka kiwe chake peke yake. Nina seti nzima ya vikombe vya maua ya waridi kabatini kwangu, vizuri, vya kigae chembamba, ambavyo aliniteremshia alasiri moja akiwa amenuna, kwa sababu binamu yake amenunua seti kama hiyo. "Chukua, Chini. Mie siwezi kunywa chai ya watu wengi." Binamu mwenyewe anakaa Pemba, na hata hawakuwa wakitembeleana.

Kwenye harusi ndiko alikotutia wazimu. Sisi wanawake wa mjini harusi bila sare haijakamilika. Kitambaa kinachaguliwa, kila mtu ananunua, na ukumbi mzima unakuwa rangi moja. Jirani wa Juu alinunua kama wenzake, akashona kama wenzake, kisha akaivaa ndani nje. Upande usiong'aa ndio uliokuwa juu. Mama wa bibi harusi akaja mbio, akidhani mzee wa watu amevaa gizani, akamnong'oneza, "Bi Mkubwa, nguo umeigeuza." Naye akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza ya biriani, "Nyinyi ndio mlioigeuza." Harusi iliyofuata wasichana wanne walikuja na sare zao ndani nje. Jirani wa Juu kuona hivyo akaenda chooni, akaibadilisha yake, akarudi ameivaa kama Mungu alivyotaka.

Na wageni, jamani! Mji wetu huu ukiwa mgeni unapotea kama sindano, na dirisha lake lilikuwa ndilo la kwanza wageni kuliona wakinyanyua macho kuomba msaada. Waliuliza njia ya Forodhani, ya makumbusho, ya hoteli zao. Yeye aliwajibu kwa Kitaliano alichookota kwa wageni wa pwani ya Bwejuu, ambako mwanawe anasomesha, maneno machache yaliyokaa bila kupangwa popote yalipotaka kukaa. Na wote, bila kujali wanauliza nini, aliwaelekeza soko la samaki.

"Bi Mkubwa, yule alikuwa anauliza hoteli yake," nilimwambia siku moja.

"Hoteli si itakuwepo? Pweza je?"

Ajabu ni kuwa walikuwa wakirudi kumshukuru. Mwanamke mmoja wa Kizungu alisimama chini ya dirisha ameshika mkia wa changu uliofungwa kwenye gazeti, anapunga mkono, na Jirani wa Juu anampungia, wote wawili wanacheka na hakuna anayeelewa neno la mwenzake.

Hakuwa mtu wa upande mmoja. Alinihubiria subira kwa muda wa kutosha kupika maharage, na chai yake mwenyewe hakuwahi kuingoja ichemke. Aliinywa vuguvugu akilalamika kuwa majani ya siku hizi hayatoi rangi. Sala zake alizitunza vizuri, na ngoma ikilia kwenye harusi, mabega yake yalianza kucheza kabla yeye hajaamua. Polisi hakuwaogopa, masheha hakuwaogopa, ng'ombe aliyekatika kamba Darajani alimfukuza kwa mwavuli. Lakini mjusi akipita ukutani alipanda juu ya kitanda na kuniita mimi, na mimi nikapanda ngazi zote hizo kwenda kumwambia mjusi aondoke.

Na kinywa chake hicho, ambacho kiliweza kujadili ndoa ya mtu yeyote kuanzia posa mpaka talaka, kilikuwa na neno moja kisilolitamka. Choo hakukitaja. Hakukitaja kwa jina lolote la kawaida, si msala, si haja, si lile wanalotumia wataalamu. Akitaka kwenda alikuwa akisimama, anajifunga kanga vizuri na kusema, "Nakwenda Ng'ambo mara moja." Ng'ambo ni mji wa pili, ule wa nje ya Mji Mkongwe, wenye watu wengi kuliko sisi. Mgeni aliyekuja kumtembelea mara ya kwanza alibaki kujiuliza vipi mzee huyu ataenda Ng'ambo na kurudi kabla kahawa haijapoa.

Basi mwaka ule, baada ya Idi, aliniita kwa sauti nisiyoizoea.

"Chini, fundi kaja humu?"

"Fundi gani, Bi Mkubwa?"

"Aliyeongeza ngazi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za mwanzo tu, kapu la tungule miguuni, anahema.

"Nnakwambia zimeongezwa. Mie ngazi hizi nazijua tangu mwari. Zimeongezwa katikati."

Kila siku akapumzika chini zaidi. Mwisho akawa anapumzika kwangu, kizingitini, na kikombe cha chai cha maua ya waridi mkononi ambacho alijifanya hakijui. Nikamwona midomo imekuwa kama karatasi. Mwanawe alipokuja kutoka Bwejuu Ijumaa ile, alimvuta kope la chini, akatazama, akasema, "Mama, huna damu."

"Nimeipeleka wapi?"

"Ndiyo tunakwenda kuuliza."

Mwanawe alikuwa na mitihani ya wanafunzi, kwa hivyo Jumatatu nikaenda naye mimi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, ushungi umekaa vizuri, kalamu tatu mfukoni. Alianza kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako mzima?"

"Mzima, bibi. Bibi, damu yako imeshuka sana. Kwa umri wako lazima tujue inapotelea wapi. Choo chako kikoje?"

Jirani wa Juu akatazama dirishani.

"Ng'ambo kwema," akasema.

Daktari akafurahi. "Alhamdulillahi. Mie mwenyewe wa Ng'ambo, bibi. Kwetu Jang'ombe."

"Nafurahi kusikia."

"Sasa choo, bibi?"

"Nshakujibu, mwanangu. Ng'ambo kwema."

Daktari akaweka kalamu mezani. Akamsogelea, akamwuliza taratibu leo siku gani, na hapa tulipo ni wapi. Jirani wa Juu akanigeukia mimi. "Chini, huyu mtoto amepotewa. Mwambie leo Jumatatu, hapa hospitali, na yeye ndiye daktari."

Ilibidi nimnong'oneze daktari maana ya Ng'ambo. Maskini, alijitahidi. Alijifunika uso kwa faili, mabega yakawa yanatikisika, na alipolishusha machozi yalikuwa yanamtoka. Lakini alijipangusa, akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Bibi, huko Ng'ambo, kumekuwa na weusi? Weusi kama lami?"

Feni inazunguka.

"Tangu kabla ya Ramadhani," akajibu.

Sauti ile ndogo sikuwahi kuisikia kwake. Na Idi ilikwishapita, na kichochoro kizima tulikuwa tumekula kwake, amesimama anatupakulia, ndani anavuja damu na hakumwambia mtu.

Njiani nikamwuliza kwa nini.

"Nimwambie nani? Niseme vipi?" Alikuwa anatembea ameshika mkono wangu. "Mdomo wangu huu, Chini, una kila neno isipokuwa hilo."

Tukaitwa tena kwa ajili ya kipimo cha kamera. Daktari alimweleza kila kitu, kwamba ni mpira mwembamba wenye kamera, kwamba utautazama utumbo mpana wote.

"Na unapitia wapi?"

Daktari akamwambia.

Jirani wa Juu alisimama, akavaa buibui lake, akachukua mkoba. "Chini, tunakwenda." Na kweli tulikwenda, tulifika nusu ya ukumbi. Daktari akatufuata na viatu vyake vinapiga sakafu.

"Bibi, tutakuchoma dawa ya usingizi. Hutajua lolote."

"Nitakuwa nimelala?"

"Umelala kabisa."

Akafikiri. "Basi hayo yatakuwa yenu."

Siku ya kujitayarisha, ya kunywa ile dawa ya kusafisha tumbo, ninaikumbuka kwa masikio. Nilikaa chini nikishona, na juu yangu nikasikia miguu inakwenda, inarudi, inakwenda, inakimbia. Alasiri dirisha likafunguka. "Chini! Huyu daktari wako wa Jang'ombe kanihamisha mji! Nnakwenda nnarudi, sijakaa! Kuna jagi jengine zima!" Muuza ukwaju alisimama akauliza Bi Mkubwa amepata nyumba wapi. Nikamwambia Ng'ambo. Akasema, hongera.

Kamera ikaona uvimbe, upande wa kulia wa utumbo, umekaa kama umejenga. Daktari hakuzunguka. Alisema kuwa yeye na wenzake wanaamini ni saratani, na kwamba wanataka kuukata mapema.

"Saratani," Jirani wa Juu akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

"Ndiyo, bibi."

Tukatoka. Tulipita soko zima, hakumkosoa mtu. Muuza samaki wetu, ambaye kila siku ya maisha yake alikuwa akiambiwa kuwa samaki wake ni wa jana, alituangalia tukipita, kisha akaniita pembeni. "Dada, Bi Mkubwa anaumwa?"

Nikamwuliza amejuaje.

"Kaniambia samaki wangu wazuri."

Alasiri ya kabla ya upasuaji aliniita nipande. Nilimkuta amekaa kitandani, kabati wazi, nguo zimepangwa mafungu mafungu: hili la mwanawe, hili la fulani, hili la kutoa sadaka. Mwanawe alikuwa jikoni anajifanya anaosha vyombo. Jirani wa Juu akanipigia kitanda kwa kiganja nikae.

"Naogopa," akasema.

Nikamshika mkono.

"Zungumza, Chini."

"Nizungumze nini?"

"Upuuzi wowote. Mie leo sina."

Basi nikazungumza. Nilimsimulia mume wangu alivyonunua kuku akaambiwa ni mtagaji na asubuhi akawika. Nilimsimulia shangazi yangu wa Makunduchi aliyegombana na mbuzi wa jirani kwa kumwita jina la jirani. Nilisema mpaka ulimi ukakauka, na yeye amefumba macho, mara moja moja mdomo unacheza upande mmoja. Mwanawe akaja kusimama mlangoni na sahani inayotiririka maji. Adhana ya Magharibi ilipoanza, Jirani wa Juu akafumbua macho akasema, "Yule kuku mlimchinja?" Nikasema ndiyo. "Mngemwacha. Jogoo anayedanganya hivyo si wa kila siku." Nikajua amerudi kidogo.

Wakamkata kipande cha utumbo, wakaunga kilichobaki. Alipozinduka, neno la kwanza, "Kimebaki?"

"Kingi, mama," mwanawe akamwambia, analia.

"Unalilia nini basi?"

Lakini mtihani haukuwa kisu. Baada ya upasuaji wa tumbo, daktari anataka kujua kama utumbo umeamka, na dalili ya kuamka ni moja tu. Kila asubuhi yule binti wa Jang'ombe alikuja kitandani, mbele ya wodi nzima ya wanawake, akauliza, "Bibi, umetoa upepo?"

Siku ya kwanza Jirani wa Juu alijifunika shuka mpaka kichwani. Siku ya pili alisema hajui swali linamhusu nani. Daktari akamkalia kitandani. "Bibi, sikupi hata uji mpaka upepo utoke. Huu ndio unaonambia kuwa kazi yetu imeshika. Usipotoka nina wasiwasi."

Aliposikia neno wasiwasi, akashusha shuka mpaka kidevuni. Alikuwa na njaa, na alikuwa amemwona mwanawe anasali pembeni ya kitanda mara kwa mara. Wodi nzima ikaanza kungoja. Mwanamke wa kitanda cha pili aliyekatwa kidole tumbo, akawa kila akiamka anauliza, "Bado?" Wa kitanda cha dirishani, ambaye alikuwa hasemi na mtu, akamfundisha kugeuka ubavu wa kushoto na kukunja goti. Bibi mmoja wa shamba akamsomea dua. Mimi nikija na chupa ya chai ya mwanawe, mlinzi wa mlangoni ananiuliza, "Vipi upepo?"

Ulikuja saa nne asubuhi, wakati wa kutazamwa wagonjwa, wodi imejaa watu. Haukuwa mdogo. Vichwa vyote vikageuka. Kisha yule wa dirishani, asiyesema na mtu, akapiga kigelegele. Wa kitanda cha pili akaitikia, ameshika mshono wake. Wodi yote ikalipuka, vigelegele juu ya vigelegele, wageni nao wakaingia bila kujua sababu, na muuguzi akaja mbio akidhani kuna mtu kajifungua mahali pasipo pake. Nikamtazama Jirani wa Juu. Nilidhani atakufa kwa haya. Alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, na kitanda kizima kinatikisika kwa kicheko, huku anapiga kelele, "Msinichekeshe, mshono! Mshono wangu!"

Daktari alileta uji mwenyewe.

Kile kipande walichokikata kilivushwa Dar es Salaam kikachunguzwe, na majibu yakakawia. Tulipoitwa tulikwenda watatu, yeye, mwanawe na mimi. Daktari alikuwa na uso wa mtu mwenye habari asiyojua aishike upande gani.

"Bibi, ni saratani kweli. Lakini si ile tunayoiona kila siku. Inaitwa ya aina ya medula. Ni nadra sana. Mie nimeisoma chuoni tu, kwa macho yangu sijapata kuiona mpaka kwako. Huwapata zaidi wanawake wa umri mkubwa, na hukaa upande huohuo wa kulia."

Nikamwona Jirani wa Juu anakaa sawa kwenye kiti. Mgongo ukanyooka. Kidevu kikapanda.

"Hebu rudia."

"Ni nadra sana, bibi."

"Mwanangu, umesikia?" akamwambia mwanawe. "Rudia, daktari, huyu husikia upande mmoja."

Daktari akarudia, akaendelea. "Tukiitazama kwa darubini, sura yake inatisha. Seli zake zimevurugika, ukiziona utasema hii itamla mtu mara moja. Lakini tabia yake si mbaya kama sura yake. Mara nyingi haina haraka ya kusambaa. Yako haikugusa matezi. Kwa hivyo hatukupi dawa za mishipani, tutakufuatilia tu, uje utazamwe."

Jirani wa Juu alitikisa kichwa polepole.

"Sura inatisha, tabia si mbaya," akasema. "Kama marehemu mume wangu."

Mwanawe akasema, "Mama!" na kisha akaangua kicheko na kilio pamoja, kichwa kimemwangukia mamake begani, na daktari akalitafuta faili lake la kujifunikia uso asilione.

Tulirudi mjini kama watu wanaotoka kwenye harusi. Alifungua dirisha kabla ya kuvua buibui. Kichochoro kizima kikatangaziwa. Kuna watu wana kisukari, akasema. Kisukari kila mtu anacho. Kuna watu wana presha. Presha inauzwa kwa jumla. Yeye ana medula, na daktari mwenyewe hajapata kuiona. Sasa neno lile ni geni, na dirisha liko juu, na upepo wa kaskazi ulikuwa unavuma. Muuza ukwaju akasikia medali. Akamwambia muuza samaki, muuza samaki akalipeleka sokoni, na kufika jioni watu wakawa wanapanda ngazi na visahani vya kaimati kumpongeza Bi Mkubwa kwa kupewa medali na madaktari.

"Kwa nini wamempa?" jirani mmoja aliniuliza.

"Kwa ustahamilivu," nikasema, na ulikuwa ukweli kadiri nilivyoujua.

Mwenyewe hakumsahihisha mtu. Alipokea kaimati zote.

Lakini ngazi zile zilikuwa ndefu kweli sasa, na mwanawe hakutaka tena kulala Bwejuu akiwaza mamake yuko ghorofa ya tatu peke yake. Wakavutana, na mwanawe akashinda kwa kumwambia kuwa Bwejuu nzima hakuna mtu mwenye medula. Akahama. Juu yangu sasa wanakaa watu wazuri wenye mtoto na baskeli. Hawana kelele. Asubuhi nikiamka nakaa nikisikiliza, hakuna anayeniuliza kama niko.

Ndiyo maana alipokuja mjini kwa ajili ya kutazamwa tena, niliomba ruhusa kazini nikaenda naye. Alikuwa amenenepa kidogo, amekuwa mweusi kwa jua la pwani, na anatembea mbele yangu. Kamera ilipita tena, safari hii bila ya mtu kukimbia ukumbini. Alipozinduka vizuri, daktari wa Jang'ombe akamwambia utumbo wake safi, hakuna kitu. Jirani wa Juu alimbusu kipaji cha uso na kumwombea mume mwenye akili. Tukatoka kwenda kuwahi gari ya Bwejuu.

Nje ya mlango, kwenye lile benchi refu, watu walikuwa wamekaa kusubiri. Muuguzi akatoka akaita jina la mwanamme. Hakuna aliyejibu. Akaita mara ya pili. Jirani wa Juu, aliyekuwa anajifunga viatu, akainua macho. Mwisho wa benchi alikaa mzee wa makamo yake, kanzu imepigwa pasi, kofia nyeupe, bakora katikati ya magoti, anaitazama feni. Jina lilipoitwa, vidole vyake vilikaza kwenye bakora. Muuguzi akarudi ndani.

Jirani wa Juu akaenda kukaa upande wake, akaacha nafasi ya heshima.

"Assalamu alaykum."

"Wa alaykumu ssalaam."

"Umekunywa ile dawa ya jagi?"

Mzee akamtazama kwa mshangao, kisha akatazama watu. "Nimekunywa," akasema, mdomo haufunguki vizuri.

"Yote?"

"Yote."

"Basi umeshamaliza kazi. Iliyobaki ni usingizi."

"Bi mkubwa," mzee akanong'ona, "mambo haya ni ya faragha."

"Ya faragha ndiyo yaliyotaka kuniua."

Hakunong'ona yeye. Ukumbi mzima ulisikia.

"Mie nilikuwa nnatoka choo cheusi, mzee wangu. Choo, nnakwambia, cheusi kama lami, mwezi baada ya mwezi, na nikakaa kimya kwa kuona haya. Ngazi zikanishinda nikasema fundi kaziongeza. Mtu mzima mie! Ningekufa, na watu wakanisifu matangani, marehemu alikuwa na haya. Haya za nini? Huyu binti aliyemo humu ndani ameona choo cha mji mzima, wala hamsimangi mtu."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akaanza kucheka kwa kujizuia. Jirani wa Juu akamgeukia, akaona amepata hadhira, na hapo tena hakuzuilika. Aliwasimulia jagi la pili. Aliwasimulia wodi, na upepo, na saa nne asubuhi, na kigelegele, na muuguzi aliyekuja kumtafuta mtoto mchanga. Watu waliinama. Kijana aliyekuwa amekuja kumleta mamake akatoka nje kupumua. Mzee mwenye kanzu alikuwa bado anaitazama feni, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika, na kofia ikamtelezea kwenye jicho.

Mlango ukafunguka. Muuguzi akaita jina mara ya tatu.

"Naam!" mzee akaitikia, kwa sauti ya mtu wa kuadhini.

Akasimama, akanyoosha kanzu, akaiweka sawa kofia. Kisha akampa Jirani wa Juu bakora yake. "Nishikie," akasema, akaingia.

Tukakaa. Niliitazama saa nikamkumbusha habari za gari. Akailaza bakora magotini. Gari ikaondoka bila sisi, na baada ya muda simu yake ikalia, mwanawe kutoka Bwejuu, sauti ya hofu inasikika mpaka kwangu.

"Mama! Mbona hujapanda gari? Wamekukuta na nini?"

"Hawakunikuta na kitu," Jirani wa Juu akasema. "Nimeshika bakora ya mtu." Akakata simu, akajiweka sawa kwenye benchi.